Kiraka Aliyetoka Nyumba ya Jaji

Jioni ya Jumamosi, jua linapojificha nyuma ya milima ya mawe ya Masasi, viwanja vya vumbi huanza kujaa. Kule juu Newala, karibu na Shimo la Mungu, upepo unaopanda kutoka bonde la Ruvuma huuchukua mpira na kuupeleka asikotaka mpigaji. Msimu wa korosho timu hazikamiliki. Mwenye namba yake yuko shambani anaokota, au amekwenda ghalani kupima mzigo wa nyumbani kwao. Kocha anahesabu vichwa, anakuta beki wa kushoto hayupo, kisha anamgeukia kijana aliyezoea kucheza mbele: "Wewe leo namba tatu."

Kijana hununa. Alilala akiota mabao, ameamka na kupewa kazi ya kukaba. Lakini anapandisha soksi na kwenda. Mechi ikiisha, walio pembeni ya uwanja humpa jina ambalo wachezaji wengi hawajui kama walipokee kwa furaha au kwa huzuni: kiraka.

Neno lenyewe limetoka kwenye nguo. Shuka likichanika, mama hakati tamaa nalo, hutafuta kipande cha kitambaa akashona. Wapo wanaosikia neno hilo na kudhani kiraka ni kitu cha umaskini, kitu cha kuficha. Aliyewahi kushona anajua vingine. Kitambaa cha kiraka hakichaguliwi kikiwa kimechakaa, kwa sababu ndicho kitakachobeba mvuto wa nguo nzima pale ilipokuwa dhaifu.

Nimetafuta mtu wa kuthibitisha maneno hayo kwa maisha yake, nikampata mbali sana na mlima wetu, katika mchezo usiochezwa kwenye viwanja vyetu. Anaitwa Mathias Kiwanuka. Kwa miaka 9 alicheza futiboli ya Kimarekani katika timu moja tu, New York Giants, na katika miaka hiyo alihamishwa nafasi mara nyingi kuliko wenzake wengi. Asili yake ni Uganda, na historia ya ukoo wake ilipita katika njia ambazo watu wa Masasi na Newala wanazifahamu.

Ni vizuri kuanza na babu.

Benedicto Kiwanuka alizaliwa Mei 1922 huko Buganda. Ujana wake ulikutana na Vita Kuu ya Pili, akawa askari wa jeshi la Waingereza. Baada ya vita alirudi darasani akiwa mtu mzima, akasoma Basutoland, nchi tunayoiita leo Lesotho, kisha London, akahitimu uwakili mwaka 1956. Miaka miwili baadaye alichaguliwa kuongoza chama cha Democratic Party, ambacho wafuasi wake wengi walikuwa Wakatoliki. Uchaguzi wa Machi 1961 ukamfanya kiongozi wa serikali, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopata madaraka ya ndani, akawa waziri mkuu wake wa kwanza.

Siku hizo hizo, katika Chuo cha Makerere jijini Kampala, alikuwapo mwanafunzi kutoka Lupaso, Masasi. Jina lake Benjamin William Mkapa, na alimaliza shahada yake ya Kiingereza mwaka 1962. Kijana yule wa Kusini, ambaye baadaye angekuwa Rais wa Tanzania, aliishi katika mji ambao magazeti yake yaliandika jina la Kiwanuka kila siku. Uganda na Tanganyika zilikuwa zinajifunza kujitawala kwa wakati mmoja, na vijana wa nchi zote mbili walisomea chini ya paa moja.

Uwaziri mkuu wa Benedicto haukudumu hata miezi miwili. Mwezi Aprili 1962 chama chake kilishindwa na muungano wa vyama vya UPC na Kabaka Yekka, na uhuru wa tarehe 9 Oktoba ukapokelewa na Milton Obote. Aliyekuwa juu akashuka. Akarudi kwenye sheria na siasa za upinzani, na mwaka 1969 serikali ikamtia kizuizini. Idi Amin alipopindua serikali Januari 1971 alimwachia huru, na katikati ya mwaka huo akamteua kuwa Jaji Mkuu.

Askari, wakili, mkuu wa chama, waziri mkuu, mfungwa, jaji. Mtu mmoja alikalia nafasi zote hizo, na katika kila moja alishika kanuni ile ile, kwamba hakuna aliye juu ya sheria. Mwezi Septemba 1972 lilifikishwa mbele yake shauri la Mwingereza aliyekuwa ameshikiliwa na wanajeshi. Jaji Mkuu akaamua kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumkamata mtu namna ile, akaamuru aachiwe. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu mchana kweupe, wakamtoa ofisini kwake na kuondoka naye. Aliuawa, na mwili wake haukupatikana.

Miaka 6 baadaye jeshi la Amin lilivuka mpaka na kuingia Kagera. Tulio mpakani na Msumbiji tulikuwa tumekwisha kuijua vita kwa jina na kwa sura, maana wakimbizi na wapigania uhuru walipita kwetu kwa miaka kumi. Sasa vijana wa Tanzania, kutoka kusini hadi kaskazini, walipanda malori kuelekea ziwani. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa, na utawala uliomuua Jaji Mkuu ukaanguka. Ndiyo maana simulizi ya ukoo wa Kiwanuka si ya kigeni kwetu. Sehemu yake moja iliandikwa kwa damu ya watoto wa nchi hii.

Wakati huo sehemu ya familia ilikuwa imevuka bahari. Tarehe 8 Machi 1983, katika mji wa Indianapolis, katikati ya Marekani, akazaliwa Mathias. Alikua akijua kwamba jina analolibeba lina uzito, na kwamba katika nyumba yao kuna babu anayesimuliwa ambaye kaburi lake halipo.

Alisoma Cathedral, sekondari ya Kikatoliki mjini humo, na hapo akaingia katika futiboli. Msomaji wa Masasi anayeutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza huona watu wenye kofia ngumu wakigongana kwa sekunde 5, kisha wanasimama na kupanga mstari upya. Undani wake si mgumu. Timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10 mbele, yaani kama mita 9. Ikifaulu inapewa mengine 4, ikishindwa inaukabidhi mpira kwa mpinzani. Wanaoshambulia na wanaolinda ni vikosi viwili tofauti ndani ya timu moja: kimoja kikitoka uwanjani, kingine kinaingia. Roho ya ushambuliaji ni mrusha mpira, anayesimama nyuma ya ukuta wa wenzake wakubwa akitafuta wa kumpelekea pasi. Jambo linalowafurahisha walinzi kuliko yote ni kuuvunja ukuta huo na kumwangusha kabla hajauachia mpira.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa Mathias jina. Alikuwa na kimo cha karibu mita 2 na uzito wa kilo 120 hivi, lakini alikimbia kama mtu mwembamba. Alipokwenda Boston College, chuo cha Wajesuiti, alicheza pembeni mwa mstari wa kwanza wa ulinzi. Mlinzi wa hapo huanza mkono ukigusa ardhi, macho kwenye mpira, na mpira ukitikisika tu hulipuka kumfuata mrusha mpira. Mwaka 2004 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East. Hadi anahitimu alikuwa amewaangusha warusha mpira mara 37.5, rekodi ya chuo. Ile nusu hutokea walinzi wawili wanapomfikia mtu kwa pamoja, na kila mmoja huandikiwa nusu yake.

Aprili 2006 timu za ligi kuu, NFL, zilikaa kuchagua vijana wapya. Ligi ina timu 32, na kila moja ina zamu yake. Giants walimchukua Mathias wa 32, wa mwisho katika duru ya kwanza. Uchaguzi huo ulishangaza, kwa sababu nafasi yake pale New York ilikuwa imejaa. Upande mmoja alikuwapo Michael Strahan, mzee wa timu, na upande wa pili Osi Umenyiora, mtoto wa wazazi wa Kinigeria aliyezaliwa London. Nyuma yao alisubiri Justin Tuck. Kijana aliingia kwenye nyumba ambayo viti vyote vina wenyewe.

Mwaka wake wa kwanza uliacha kovu. Novemba 2006 Giants walikwenda Tennessee kucheza na Titans, na wakati kipindi cha nne kinaanza walikuwa wakiongoza 21–0. Titans wakaanza kurudisha. Ikabaki nafasi moja ya kuwamaliza, jaribio la mwisho la wapinzani, na Mathias akamfikia mrusha mpira wao, Vince Young, akamkamata kwa mikono miwili. Akadhani Young amekwisha kuurusha mpira. Akaogopa kwamba akimbwaga chini mwamuzi atampa adhabu, kwa kuwa sheria inamlinda mrusha mpira aliyekwisha kuachia. Akamwacha. Mpira ulikuwa bado mikononi mwa Young, naye akakimbia nao. Titans walishinda 24–21.

Picha ile ilirudiwa kwenye televisheni nchi nzima. Wachezaji wengine huvunjwa na kosa la namna hiyo, na maisha yao yote hubaki kuwa mtu wa siku ile. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi Mathias. Alikubali mbele ya watu kwamba kosa ni lake, kisha akarudi mazoezini.

Mwaka 2007 makocha wakamwita. Viti vya mstari wa kwanza bado vina wenyewe, wakasema, lakini wewe ni mzuri mno kukaa benchi, kwa hiyo utarudi nyuma hatua chache na kuwa mlinzi wa mstari wa pili. Kwa masikio yetu inasikika kama kumtoa mtu namba tisa na kumpeleka namba sita. Kwa kweli ni zaidi ya hapo. Wa mstari wa kwanza huinama na kushambulia, na adui yake yuko mbele ya pua yake. Wa mstari wa pili husimama wima na kusoma. Ndani ya nusu sekunde aamue kama mpira utabebwa au utarushwa, kama asonge mbele, arudi nyuma, au amfuate mtu mwepesi kuliko yeye hadi pembeni ya uwanja. Mwili uliofundishwa kwa miaka mingi kwenda mbele bila kuuliza ulitakiwa kujifunza kungoja.

Akajifunza. Alianza mechi 10 mfululizo katika nafasi hiyo mpya. Novemba, kule Detroit, mguu wake ukavunjika.

Kilichofuata wapenzi wa mchezo huo wanakisimulia mpaka leo. Giants waliingia mtoano bila kupewa nafasi, wakashinda ugenini mara tatu mfululizo, na tarehe 3 Februari 2008 wakafika Super Bowl, fainali kuu, kukutana na New England Patriots ambao hawakuwa wamepoteza mechi hata moja msimu mzima. Giants wakashinda 17–14. Mathias alikuwa bingwa kwa haki, maana mechi 10 za msimu zilibebwa naye pia. Lakini siku ya sherehe hakuwa na jasho la kufuta. Anayejua mpira anajua kwamba furaha ya jukwaani na furaha ya uwanjani hazifanani.

Strahan akastaafu mwaka huo. Kabla msimu mpya haujaanza, Umenyiora akaumia goti na msimu wake ukaisha. Timu bingwa ikawa imepoteza pembe zake mbili kwa pigo moja. Kocha Tom Coughlin hakwenda sokoni kutafuta mtu. Alimrudisha Mathias mstari wa kwanza, na yeye, ambaye mwaka mzima alikuwa ameujenga mwili na akili kwa kazi nyingine, akarudi akawaangusha warusha mpira mara 8.

Mwaka 2010 alianza kwa moto. Katika mechi 3 za kwanza aliwaangusha mara 4. Kisha madaktari wakagundua kwamba diski kati ya mifupa ya shingo yake imetoka mahali pake. Katika mchezo ambao kichwa ndicho kinachotangulia kwenye mgongano, habari hiyo humaliza maisha ya kazi ya watu wengi, na wengine huwaachia ulemavu. Alikaa nje msimu wote uliobaki. Mkataba wake uliisha akiwa katika hali hiyo, na kila timu iliyomtaka ilipaswa kwanza kuiamini shingo yake.

Giants waliiamini. Mwaka 2011 walimrudisha, na safari hii kazi ikabadilika tena: mstari wa pili. Wakati huo kulikuwa na kijana mpya, Jason Pierre-Paul, aliyekuwa akiwaka pembeni, pamoja na Tuck na Umenyiora. Mathias akawa mtu wa kuziba. Wapinzani wakitaka kubeba mpira, alikuwapo kuwazuia. Walipotaka kurusha, mara nyingine alishuka mstari wa kwanza akaweka mkono ardhini kama zamani. Kazi ya namna hiyo haiingii kwa urahisi kwenye takwimu. Mlinzi wa pembeni anayemwangusha mrusha mpira huandikwa gazetini, lakini aliyesimama mahali sahihi hadi mpinzani akaghairi kupita upande ule haandikwi.

Februari 5, 2012, fainali kuu ikachezwa tena kati ya Giants na Patriots. Ligi ilikuwa imeuchagua mji wa kuiandaa miaka kadhaa nyuma, na mji huo ulikuwa Indianapolis. Mtoto aliyezaliwa pale, aliyejifunza mchezo kwenye viwanja vya shule ya pale, aliyeikosa fainali ya kwanza kwa mguu na nusura aukose mchezo mzima kwa shingo, aliingia uwanjani siku hiyo akiwa mzima, katika nafasi ambayo hakuzaliwa nayo bali aliisomea. Giants walishinda 21–17. Pete ya kwanza alipewa akiwa majeruhi. Ya pili aliipata kwa miguu yake mwenyewe, nyumbani kwao.

Baada ya hapo alihamishwa tena. Umenyiora alipoondoka mwaka 2013, Mathias akarudi pembeni mwa mstari wa kwanza. Mwaka 2014 goti lilimsumbua, na Machi 2015 timu ikamwachia. Jumla yake katika ligi kuu ni kuwaangusha warusha mpira mara 38.5. Wapo wenye idadi kubwa zaidi, na wengi wao waliachwa katika nafasi moja tangu siku ya kwanza. Ukimpima Mathias kwa namba hiyo peke yake umempunja, kwa sababu miaka aliyocheza mstari wa pili ilimnyima nafasi nyingi za kuiongeza, na ni katika mwaka mmoja kati ya hiyo ndipo aliposhinda fainali akiwa uwanjani.

Hapa kwetu mfano wa karibu ni Erasto Nyoni. Juni 2007, akiwa kijana, alifunga bao pekee lililoipa Taifa Stars ushindi dhidi ya Burkina Faso kule Ouagadougou. Tangu hapo, Azam, Simba na timu ya taifa zilimtumia beki wa kulia, wa kushoto, wa kati na kiungo mkabaji, na watangazaji wakachoka kutafuta neno lingine zaidi ya kiraka. Machi 24, 2019, Tanzania ilipohitaji kuifunga Uganda ili kufuzu Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980, mkwaju wa penalti ulikabidhiwa kwake, naye akafunga. Tukashinda 3–0. Uwanja uliochezewa mechi ile sasa una jina la Benjamin Mkapa, yule mwanafunzi wa Lupaso aliyekuwa Kampala wakati Benedicto Kiwanuka anaapa. Baadaye Nyoni alikuja huku Kusini, akavaa jezi ya Namungo ya Ruangwa, jirani zetu.

Hata wachongaji wa Kimakonde wanaijua thamani ya kiraka: wana kinyago wanachokiita ujamaa. Ni gogo moja la mpingo, na juu yake watu wamepandana kutoka chini hadi kileleni, kila mmoja akimshikilia mwenzake. Mnunuzi humtazama aliye juu kabisa, maana uso wake uko wazi. Lakini katikati wako wale waliobanwa kati ya magoti na mabega ya wenzao. Mpingo ukipasuka hapo, wote wa juu wanakwenda chini.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, kocha wa Masasi au wa Newala atakapohesabu vichwa na kumwambia kijana wa mbele acheze namba tatu, ningependa mtu mmoja pembeni ya uwanja amsimulie habari ya jaji aliyekalia viti vingi bila kubadili msimamo, na ya mjukuu wake aliyehamishwa mara kwa mara na bado akarudi nyumbani na ushindi. Halafu kijana apandishe soksi zake na aende akakabe.